Mfupa Umeunga, Usingizi Haujarudi: Maswali Yenu Kuhusu Kiwewe na Ubongo

Barua za safari hii zimetoka pembe zote za Dar es Salaam, na karibu zote zinauliza jambo moja: tukio limekwisha, mtu yu hai, mbona mwili wake unaishi kana kwamba bado linaendelea? Hicho ndicho kiwewe. Wataalamu wetu wa afya ya akili wamezijibu. Tumezifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Miezi minne iliyopita aligongwa na lori Barabara ya Mandela. Mguu umeunga, na kipimo cha CT cha kichwa kilitoka safi. Lakini honi ikilia anaruka, usiku anaweweseka, pikipiki hataki hata kuiona, na siku hizi halali bila bia. Ndugu zake wanasema anadeka, kwa kuwa kipimo kilionyesha hana kitu. Kweli hana kitu? (Mama wa watoto wawili, Tabata)

JIBU: Dada, CT hupiga picha ya umbo la ubongo. Inaona damu iliyovuja, fuvu lililopasuka, uvimbe. Namna ubongo unavyofanya kazi haiioni. Kwa hiyo kipimo kilisema kweli kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani. Kuhusu kuweweseka hakikusema lolote, na ndugu zake wasikisemee.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande una kijisehemu chenye ukubwa wa lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake ni kugundua hatari mapema. Ifikirie kama mlinzi wa getini aliyewahi kuvamiwa: tangu usiku ule anapuliza filimbi kwa kila apitaye, hata muuza maandazi. Honi inapolia, amigdala huiamsha haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, nayo hutuma amri kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Ndani ya sekunde chache adrenalini imemwagika: moyo unadunda, viganja vinalowa, misuli ya shingo inakaza. Kortisoli, homoni nyingine ya msongo, hufuata taratibu na kufika kilele baada ya kama dakika 20 hadi 30, ndiyo maana honi ya sekunde moja inaweza kumharibia nusu saa nzima. Mwili unakuwa umesharuka kabla mumeo hajatambua amesikia nini.

Mwangalie pia akipita sheli. Sauti na picha hupitia kwanza kituo cha kati cha ubongo kiitwacho thalamasi, lakini harufu huifikia amigdala karibu moja kwa moja. Harufu ya petroli inaweza kumtetemesha bila yeye mwenyewe kujua sababu, akaishia kukasirika au kukugombeza wewe.

Sehemu inayopaswa kusema "tulia, hiyo ni daladala inaita abiria" iko nyuma ya paji la uso. Kwa mtu mwenye kiwewe kilichokomaa, sehemu hiyo hufanya kazi chini ya kiwango, na kukosa usingizi huishusha zaidi. Hapo ndipo bia inapomponza. Pombe humlaza haraka na kuzuia usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku. Ikishaanza kuisha mwilini, kwenye saa 8 au 9 usiku, ndoto hurudi kwa nguvu na moyo unakwenda mbio. Kesho yake amechoka zaidi, anashtuka zaidi, na anahitaji bia nyingi zaidi. Kama anakunywa sana kila siku, asiache kwa mkupuo nyumbani. Mikono ikianza kutetemeka, jasho likamtoka au akachanganyikiwa, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu anaweza kupata degedege.

Wiki za kwanza baada ya ajali, kuota vibaya na kushtuka ni jambo la kawaida, na watu wengi hutengemaa wenyewe. Mpaka tunaoutumia ni mwezi mmoja. Dalili zikipita hapo na kumzuia mtu kufanya kazi, ni ugonjwa unaotibika na unaostahili tiba. Mumeo ana miezi minne. Mpeleke Muhimbili, idara ya magonjwa ya akili, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, na muulizie kliniki ya afya ya akili. Mweleze daktari tarehe ya ajali, kinachomrudia (ndoto, picha), anachokikwepa, anavyoshtuka, kiasi cha pombe, na mabadiliko ya tabia uliyoyaona. Ataje pia kama kichwa kinauma, anapata kizunguzungu au mwanga unamkera: ubongo unaweza kuwa ulitikisika katika ajali na CT bado ikawa safi, na hilo lina matunzo yake. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe kwa kawaida huchukua vikao kati ya 8 na 15, kimoja kwa wiki, cha dakika 60 hadi 90. Vikao viwili vya kupewa moyo na kuambiwa "jikaze" si tiba hiyo.

SWALI: Nina miaka 24. Nilivamiwa usiku na vijana wenye mapanga wakachukua simu na mkoba. Sikupiga kelele wala sikukimbia, nilisimama tu kama gogo. Polisi waliponihoji nilichanganya kipi kilitangulia. Sasa mtaani wanasema nimetunga. Hata mimi nimeanza kujiuliza. (Binti, Mwananyamala)

JIBU: Hukutunga. Hatari ikiwa karibu kiasi hicho na njia ya kutoka haionekani, shina la ubongo huushika mwili wote: misuli inakakamaa, sauti inakwama, wakati mwingine hata maumivu hayasikiki. Uamuzi huo hukuufanya wewe. Ulifanyika chini kabisa ya sehemu za ubongo zinazofikiri, na wanyama wengi wanao pia. Mbele ya panga, huenda kukakamaa ndiko kulikokuokoa. Watu wengi waliobakwa hupatwa na hali hiyohiyo, na anayewauliza "mbona hukupiga kelele" anawaumiza mara ya pili.

Kuhusu maneno kukwama: katika miaka ya 1990 watafiti waliwapiga watu picha za ubongo huku wakisikiliza masimulizi ya mkasa wao wenyewe. Sehemu ya kushoto inayotengeneza matamshi ilipungua kufanya kazi. Kuhusu mpangilio: woga mkali hukaza kumbukumbu ya kitu kimoja au viwili, kwa mfano makali ya panga au rangi ya fulana, na kuacha mengine yakififia, kama idadi ya watu, muda, na nani alisema nini kwanza. Maelezo yenye mapengo ndiyo ya kawaida kwa aliyevamiwa.

Kama utaitwa tena kutoa maelezo, andika kwanza vipande kama vinavyokuja, kila kimoja kwenye mstari wake, bila kulazimisha mpangilio. Uliyoyaona yaandike mbali na uliyosimuliwa na watu. Pasipo na kumbukumbu sema "sikumbuki". Usikisie ili kumridhisha anayeuliza, kwa maana ubongo huchukua kisio na kukiweka pamoja na kumbukumbu za kweli, na baadaye hutaweza kuvitenganisha.

Kwa msomaji ambaye shambulio lake lilikuwa la kingono: dawa za kukinga VVU zianze mapema kadiri iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto, uombe fomu ya PF3 (fomu ya polisi ya kupeleka hospitali).

SWALI: Mabomu ya Gongo la Mboto yalipolipuka mwanangu alikuwa na miaka 7. Sasa ni mtu mzima, ana kazi, lakini fataki za mkesha wa mwaka mpya zikianza anajifungia bafuni hadi asubuhi. Miaka yote hii, kwa nini ubongo hausahau? (Mzazi, Ukonga)

JIBU: Usiku ule wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka, mshindo ulimaanisha kifo, na ubongo wa mwanao ulijifunza sawasawa. Tatizo ni namna somo lilivyohifadhiwa. Pembeni mwa amigdala kuna hipokampasi, sehemu inayobandika mahali na tarehe kwenye kila kumbukumbu. Homoni za woga zikizidi sana, hipokampasi huyumba huku amigdala ikiandika kwa wino mzito. Mshindo na mtetemo vikabaki bila tarehe. Fataki inapopasuka, mwanao hakumbuki 2011. Kwa dakika hizo ubongo wake uko palepale.

Sababu ya pili ni bafu lenyewe. Kila akikimbilia humo woga unashuka, na ubongo unalipa bafu sifa zote. Haujawahi kupata nafasi ya kuona kwamba mshindo umepita na ukuta umesimama. Kukwepa ndiko kunakokilisha kiwewe kwa miaka, na ndiko tiba inakolenga.

Kazi hufanywa kwa ngazi. Aandike mambo 8 hadi 10 yanayomtisha na kuyapa alama, kuanzia 0 (shwari) hadi 10 (siwezi kabisa). Aanze na yenye 3 au 4. Kwa mfano, atazame video ya fataki bila sauti. Kisha video hiyohiyo kwa sauti ndogo ya simu. Kisha kwa spika, mchana, mlango wazi. Kisha mlango ukiwa umefungwa. Kisha usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mwisho akae nje na mtu anayemwamini, akitazama fataki za kweli kwa mbali. Kabla ya kila zoezi atamke anachoamini kitatokea ("nyumba itaanguka", "moyo utasimama"), na baada ya zoezi aseme kilichotokea. Zoezi moja ni dakika 30 hadi 45, kila siku, akirudia ngazi ileile hadi alama zishuke angalau nusu, ndipo apande.

Mazoezi haya huharibika kwa njia zilezile. Mtu anatoroka woga ukiwa kileleni, ubongo unahesabu kuwa kutoroka ndiko kulikomwokoa. Anasikiliza huku amejiziba masikio kwa muziki. Anameza dawa ya usingizi kwanza. Anafanya mara moja kwa wiki kwa dakika tano. Au, na hili tunaliomba sana, binamu anamlipulia baruti mgongoni "ili azoee". Mshtuko wa ghafla usio na hiari unaongeza somo la zamani.

Ajue pia kwamba somo jipya halifuti la zamani. Linakaa juu yake. Ndiyo maana woga unaweza kuchomoza tena akihama nyumba au akiwa na uchovu mwingi. Afanye mazoezi mahali tofauti tofauti, si sebuleni tu. Na kama wakati wa zoezi anaduwaa kiasi cha kutojua yuko wapi, au anapata mawazo ya kujiua, asiendelee peke yake: hiyo ni kazi ya kufanywa na mtaalamu.

SWALI: Nimesoma kwamba kiwewe kinapunguza ukubwa wa ubongo. Je, hurudi? (Mwanafunzi wa chuo, Ubungo)

JIBU: Kinachosemwa hapo ni hipokampasi, ambayo kwa wastani huonekana ndogo kidogo kwa wenye ugonjwa huu. Lakini utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2002 ulichukua mapacha wa kufanana, mmoja aliyepigana Vietnam na mwenzake ambaye hakuwahi kwenda vitani. Wapiganaji waliougua sana walikuwa na hipokampasi ndogo, na pacha zao waliobaki nyumbani walikuwa nazo hivyohivyo. Maana yake sehemu ya udogo huo ilikuwapo kabla ya vita na huenda ndiyo iliyowaweka katika hatari. Kwa upande mwingine, wanyama waliowekwa katika msongo wa muda mrefu huonekana matawi ya seli za hipokampasi yakisinyaa, huku yale ya amigdala yakichipua. Mambo yote mawili yana ukweli, na neno "uharibifu" linatisha watu kuliko ushahidi ulivyo.

Kuhusu kurudi: ubongo wa mtu mzima hubadilika. Utafiti wa 2011 wa wazee 120 wa Marekani ulionyesha kuwa waliotembea kwa kasi dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka kama asilimia 2. Hao hawakuwa wagonjwa wa kiwewe, hivyo usiuchukue kama dawa yake. Uchukue kama uthibitisho kwamba sehemu hiyo haijagandishwa. Na dalili zinaweza kuisha hata kama picha ya ubongo haijabadilika kwa kupimika.

SWALI: Tangu nyumba yetu ivamiwe, ninaamka usiku siwezi kusogea, naona mtu amenikalia kifuani. Nyumbani wanasema ni jini, nifanyiwe maombi ya siku saba bila kula. (Msomaji, Manzese)

JIBU: Jinamizi linakaba watu duniani kote, na chanzo chake kinajulikana. Wakati wa kuota, shina la ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusitende tunachokiota. Ukiamka kabla kifungo hicho hakijaachia, macho yanaona chumba, mwili haujibu, na ndoto bado inaendelea juu ya kile unachokiona. Amigdala iliyo macho tangu uvamizi inaijaza picha hiyo adui. Huisha ndani ya sekunde au dakika chache na halijawahi kuzuia pumzi kweli, kwani kiwambo cha kupumua hakilegezwi.

Lala kwa ubavu, maana kulala chali hulichochea. Lala na kuamka saa zilezile. Likikukaba, usipambane na mwili mzima. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu na kutoa pumzi taratibu. Kwa ndoto mbaya inayojirudia, iandike mchana, ubadilishe mwisho wake upendavyo, kisha uupitie mwisho huo mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Usifanye hivyo kitandani.

Sala ikikupa utulivu, sali; haigombani na tiba. Kufunga siku saba bila kula, kukesha, kupigwa au kufungwa kamba kunaunyima ubongo usingizi na chakula na kuufundisha hatari mpya. Hilo likatae, na kama ni vigumu kulikataa peke yako, nenda na mtu mzima wa familia anayekusikiliza.

SWALI: Nina mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye nyumba yao iliungua usiku. Amerudi kujikojolea, anachora moto kila siku, ukimwita hasikii, na ukimshika bega anapiga. Wenzangu wanasema ni utundu, apewe viboko. (Mwalimu, Temeke)

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuandika badala ya kuchukua fimbo. Mtoto huyo hasikii kwa sababu ubongo wake uko kazini unatafuta moshi. Sehemu ya mbele ya ubongo inayodhibiti hasira na umakini hukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo wa darasa la tatu anayo kidogo tu, na woga unaichukua hiyo. Kujikojolea ni kurudi nyuma kwa muda. Michoro ya moto ndiyo njia yake ya kusimulia. Usimkataze kuchora, kaa karibu, muulize nani yuko kwenye picha na nini kinafuata. Ukiona mchoro ni uleule wiki baada ya wiki, bila mtu kuokolewa wala moto kuzimika, anahitaji msaada zaidi.

Darasani, mkalishe mahali anapouona mlango na mgongo wake uwe ukutani. Mwite kwa jina ukiwa mbele yake, usimguse kwa nyuma. Kama jiko la kuni la uji wa shule linaleta moshi madarasani, mwambie asubuhi kwamba moshi utakuwapo na unatoka wapi. Ratiba isibadilike bila taarifa. Akipandwa na woga au hasira, mtoe nje, hesabuni pamoja: pumzi kuvuta hadi 4, kutoa hadi 6, mara kumi, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Kiboko kinampa mwili wake ushahidi kwamba shuleni nako kuna hatari. Ikipita miezi miwili bila nafuu, au ukishuku kuna anayemdhuru nyumbani, piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

SWALI: Duka la dawa walinipa diazepamu baada ya msiba mkubwa wa ghafla. Nimemeza miezi mitatu, nalala vizuri. Niendelee? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Hapana, lakini usiache leo. Diazepamu hutuliza usiku huohuo, ila kwa kiwewe haiponyi. Inaziba woga ambao ubongo ulipaswa kujifunza kuupita, na ndani ya wiki chache mwili huanza kuitegemea. Ukiikata ghafla baada ya miezi mitatu unaweza kupata degedege. Daktari huipunguza kidogo kidogo, mara nyingi asilimia 10 hadi 25 kila baada ya wiki mbili, na usichanganye na pombe kamwe, kwa kuwa viwili hivyo pamoja vinaweza kuzima upumuaji. Kama dawa inahitajika, inayopendekezwa ni ya kundi la sertralini. Kwa kawaida huanza na miligramu 25 kwa siku, hupandishwa hadi 50 baada ya wiki moja, na haizidi 200. Wiki mbili za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi zaidi, na nafuu huchukua wiki 4 hadi 6. Wengi huiacha katika siku kumi za kwanza wakidhani imewakataa. Ukiona mawazo ya kujiua yanaongezeka katika kipindi hicho, hasa kama una umri chini ya miaka 25, rudi kwa daktari siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.